Uzinduzi wa Tano wa Vidonge vya Kukinga Ubongo wa Mnywaji

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ameomba udhuru. Udhuru wenyewe, ulioletwa kwa barua nzuri yenye mihuri miwili. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, na wakuu ambao bado wanatafutiwa vitengo. Muuguzi wa zahanati, uliyekaa karibu na mlango kama mtu mwenye kazi nyingine. Ndugu wananchi mliokaa, mliosimama, na ninyi mnaochungulia dirishani: hamjambo? (Watu: "Hatujambo!" Sauti moja: "Vidonge!")

Nitavifikia. Mimi, nikiwa Mkurugenzi wa Mpango Mkakati wa Kukinga Ubongo dhidi ya Kinywaji, ninayo furaha isiyo kifani kusimama mbele yenu kwa mara ya tano kuzindua kitu kilekile, jambo ambalo hakuna mkurugenzi mwingine aliyewahi kulithubutu (makofi kutoka safu ya mbele, ile yenye viti vya mito), na kuwaeleza kwamba ndani ya fremuweki yetu shirikishi, yenye nguzo saba na paa ambalo linaendelea kujadiliwa, kidonge kimoja chenye vitamini, mafuta ya samaki na majani ambayo wataalamu bado wanayachagua, kikimezwa kabla ya chupa ya kwanza, kitaukinga ubongo na ulevi kama mwavuli unavyomkinga mtu na mvua. (Muuguzi anacheka, kisha anajifanya anakohoa.)

Takwimu hazidanganyi. Katika pailoti yetu ya majaribio tuliwahoji wanywaji mia mbili, tukawauliza kama wanakumbuka madhara yoyote ya pombe. Asilimia tisini na nane hawakukumbuka chochote. Waliobaki hawakukumbuka kuhojiwa. (Vicheko.) Hii si impakti, ndugu zangu? Kama si impakti, ni nini?

(Safu ya nne, mke wa seremala anasimama. Mumewe anamvuta nguo: "Mama watoto, kaa chini, unatuaibisha." Mke: "Aibu ilishaingia ndani, imevua viatu. Niache." Kisha kwa sauti: "Mheshimiwa, samahani. Mume wangu huyu alikuwa ameshaapa kuacha pombe. Gari lenu likapita na kipaza sauti: kunyweni bila wasiwasi, vidonge vinakuja. Akasema basi, wakubwa wameniruhusu. Huu ni mwezi wa kumi na nane. Kabati la mwalimu limetoka na miguu mitano. Leo asubuhi amemwamkia binti yetu shikamoo!" Mtu wa nyuma: "Binti akaitikia?" Mke: "Angefanyaje, na baba yake amesimama anangoja? Mheshimiwa, nataka neno moja tu. Aendelee kungoja, au aache?")

Swali zuri sana, mama, na uzuri wake ndio unaonizuia kulijibu kwa pupa. Suala la kungoja lina kamati yake, suala la kuacha lina kamati nyingine, na kamati hizi mbili hazijawahi kukutana kwa sababu zinatumia chumba kimoja. (Sauti: "Ngoja ngoja huumiza matumbo!") Tumbo, ndugu, si eneo letu, sisi ni ubongo. Muuguzi, naona umeinua mkono. Una nusu dakika.

(Muuguzi: "Inatosha. Mama, hakuna kidonge kinachokinga ubongo ili mtu aendelee kunywa. Vitamini tunazo, tunawapa wanywaji kwa sababu miili yao imepungukiwa, lakini nafuu yenyewe huja mtu akiacha. Na shemeji asiache ghafla, peke yake nyumbani, ni hatari. Aje tumsimamie.")

Tunaupokea mchango huo, ingawa ni mfupi mno kuweza kuingizwa kwenye andiko la mradi. Sasa tuchangamke! Nikisema "Ubongo," mnasema "Imara!" Ubongo! (Watu: "Uko wapi?") Kidonge mkononi! (Watu: "Mkono wa nani?") Mwamko ni mzuri.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mtunza stoo, ambaye kwa miezi yote hii amelinda stoo yetu kwa uaminifu mkubwa, hata kidonge kimoja hakijapotea, kwa kuwa hata kimoja hakijawahi kuingia. Nawashukuru wenye kiwanda, popote watakapopatikana. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi seremala, aliyeendelea kunywa kwa mujibu wa tangazo letu bila kukata tamaa. Mradi huu ungekuwepo, yeye ndiye angekuwa mnufaika wake wa kwanza.

(Hakuna makofi. Seremala anasimama polepole, anaushika mgongo wa kiti kilicho mbele yake. "Dada muuguzi, mnafunga saa ngapi?" "Saa kumi. Lakini wewe nitakungoja." Anamgeukia mkewe: "Twende kabla sijasahau." Mkewe anamshika mkono. Watu wanavuta viti kuwapisha. Muuguzi anawatangulia mlangoni, na nyuma yao wanaondoka watu wengine sita, mmoja akitoka safu ya viti vya mito.)

Karani, unawaona? Usikae tu, andika kwenye ripoti: walioacha pombe kutokana na mradi, saba. Mke usimhesabu. Hanywi.