Magunia Kumi ya Ulezi

Modesti hakuwa amekunywa hata chai asubuhi ile, lakini alipomwona Mama Shamsi akihangaika kuinuka kwenye kiti, mlangoni pa duka lake la nafaka, alijisikia ameshiba. Sumbawanga mjini kuna watu wakiona mtu mnene wanaona mtu mnene, na kuna wanaoona riziki. Modesti, mtoto wa wakulima wa Milepa aliyelikimbia jembe mapema, alikuwa wa kundi la pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umekuja kukopa, tumefunga."

"Nimekuja kuyatazama hayo magoti, mama yangu."

Hapo akamgusa. Mwaka wa pili sasa Mama Shamsi alikuwa akiswali amekaa kitini. Alichotamani ni kimoja tu: kusujudu kama zamani, paji la uso liguse mkeka, kisha ainuke bila kushikwa mkono na mkwe. Alishajaribu kunywa maji ya kabichi na kula yai moja kwa siku. Siku ya kumi alimaliza sinia la pilau peke yake huku analia.

Modesti akatoa pakiti za kaki. "Mizizi ya Bonde la Rukwa hii. Nusu kijiko kila asubuhi."

Tusidanganyane: ulikuwa unga wa ulezi, tena ulezi wenyewe, wa kijiji cha Ilemba, aliununua dukani humo humo, mwenye duka alipokuwa msibani. Aliutia majivu na mdalasini kidogo, basi.

"Na masharti yake?"

Loo, masharti! Hayo hakuyaandaa, na mganga asiye na masharti hana pa kujificha dawa ikigoma. Akakohoa kwa heshima zote za kitabibu.

"Kula chochote unachopenda. Ila usile mpaka tumbo lenyewe liite. Kula taratibu, na likisema basi, funika sahani, hata kama limebaki tonge moja. Hata wakikubembeleza. Hata wakinuna!"

Alijua anachofanya. Nani Ufipa nzima atafunika sahani mbele ya watu wanaomwambia, "Ongeza bwana, mbona hujala?" Sharti lingevunjika siku hiyo hiyo, na lawama ingekuwa ya mgonjwa.

"Nisipopungua kwa miezi miwili?"

"Chukua pikipiki yangu!" Modesti akaropoka, maana wateja walishaanza kusogea kusikiliza.

"Sawa. Kadi yake iache hapa."

Mungu wangu! Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa ofisi yake na njia yake ya kutorokea, na bila kadi asingeiuza wala kupita kizuizi chochote. Akaiacha, jasho likimtoka kwenye baridi ya Juni.

Miezi miwili alikaa roho juu, akifanya mazoezi ya hotuba ya kumlaumu mgonjwa. Siku ikafika. Mama Shamsi akapanda mizani ya magunia nyuma ya duka. Siku ya kupewa dawa ilisoma kilo mia moja na nne. Sasa ilisoma tisini na saba.

Mtu mwenye akili zake angechukua kadi, akamshukuru Mungu, akaondoka. Modesti alisimama mdomo wazi. Kumbe ile dawa ni dawa kweli! Akajiona yuko Mbeya, yuko Dar, ndani ya gari lenye kiyoyozi.

"Mama, ule ulezi wako wa Ilemba umebaki?"

Mama Shamsi akamtazama kidogo. "Magunia kumi. Wa nini?"

"Pombe ya harusi ya dada."

"Pombe simo, ila kwa harusi hongera. Bei yake ni pikipiki."

"Mama!"

"Basi acha."

"Nachukua!"

Wakaandikishana mbele ya mashahidi. Wino ulipokauka, Mama Shamsi akamvuta pembeni.

"Mwanangu, ulezi wangu mwenyewe nitaacha kuujua? Dawa yako wamekula kuku. Watazame, wamenenepa mpaka hawaruki."

Modesti akawatazama kuku. Akakaa juu ya gunia. "Sasa umepunguaje?"

"Kwa masharti yako. Mashemeji walinuna wiki nzima, nikafunika sahani. Nikagundua mara nyingi sikuwa na njaa, nilikuwa na uchovu wa duka tu. Pilau nimekula, nikishiba naacha. Silii tena. Hilo ulinipa bure, na nakuombea dua."

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Mama Shamsi akatia udhu, akatandika mkeka kando ya magunia. Akasujudu mpaka paji la uso likafika chini, akainuka polepole, peke yake. Modesti, aliyekaa juu ya ulezi wake, alijikuta anafuta machozi, na hakujua ni ya furaha ya nani.

Alipomaliza, mama akamgeukia. "Lori la kubeba mzigo wako ninalo. Nauli je?"

"Sina."

"Una njaa?"

Modesti akalisikiliza tumbo lake. "Sana, mama."

"Ingia ndani ule. Ukishiba, njoo upakie magunia ya watu, mpaka nauli itimie."