Mtumbwi Haubanduki Uani Kwangu

Jumatatu, 3 Juni

Vita imeanza. Josiane, mkamwana wa jirani yangu Nyirabahizi, kasimama mbele ya kikundi chetu cha akina mama wa pombe ya ndizi, akasema mtumbwi wa kukamulia ndizi uzunguke nyumba kwa nyumba. Uzunguke! Gogo alilolichonga marehemu Telesfori wangu, limelala uani kwangu tangu Josiane hajazaliwa. Kila wiki ndizi zao zinakuja hapa, na watoto wao, na umbea wao. Mtumbwi ukiondoka nabaki na kuku. Kuku hawajui umbea.

Shamsia, yule binti wa mradi kutoka Biharamulo mjini, akamuunga mkono. Eti kikundi ni kitu chenye uhai, ukigusa hapa kinatikisika kule. Nikamwambia mimi shule niliiacha darasa la tatu, ila nimezaa saba, vyenye uhai navijua tangu vikiwa tumboni. Akacheka. Mwembamba huyo, kama mpini! Nikamfungia maharage ya kwenda nayo.

Sawa. Nitagusa.

Jumanne, 4 Juni

Nimegusa. Nimemnong'oneza Nyirabahizi kwamba mkamwana wake anapita akisema pombe ya mama mkwe haifai hata kuoshea miguu. Nikajibanza kwenye migomba kusubiri makelele. Kimya. Nikachungulia. Mungu wangu! Mtu na mkamwana wake wameinamia shimo la kuivishia ndizi, wanapanga majani upya. Kumbe pombe ilikuwa mbaya kweli, na bibi mzima alikuwa anaona haya kuuliza.

Wakaniona. Wakaniita nionje ya Josiane. Nikaonja. Nikaonja tena. Tamu! Nimerudi nyumbani na hasira, nikiyumba.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimetunga mwiko. Nimetangaza kisimani kwamba mtumbwi wa mjane ukivuka kijito, pombe yake inasokota matumbo ya wanaume. Wote wakaitikia kwa adabu, ndiyo bibi, asante bibi. Mchana nikalala kama mtoto aliyenyonya.

Jioni nasikia shoka ng'ambo ya kijito. Bizimana, mkamuaji wetu, kaliogopea tumbo lake. Kaangusha mti, anawachongea wenzetu wa ng'ambo mtumbwi wao! Nilitaka mmoja usivuke. Sasa itakuwa miwili.

Jumatano, 12 Juni

Mtumbwi mpya umekamilika. Mdogo, umepinda kama pua ya Bizimana. Nikapiga hesabu: nikiwanyima wangu, watakwama na kile kibakuli, watakuja kuniangukia. Nikaufunika wangu kwa majani ya migomba, nikasema una ufa. Wakanipa pole. Josiane akaniletea uji. Kisha wote wakajitwisha ndizi wakavuka kijito, wakapeana zamu, tena kwa nyimbo.

Jambo moja lilinipita. Ndizi zangu nazo zilikuwa shimoni, zimeiva, zinanukia hadi barabarani. Nitakamulia wapi? Kwenye mtumbwi niliousema mahututi? Nimejitwisha tenga, nikavuka.

Josiane kanipokea mzigo. "Shikamoo bibi. Mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Marahaba. Anapumua."

Wakacheka hadi Bizimana akateleza ndani ya ndizi.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa wamekuja wote, na nta na nyundo, kuziba ufa wa bibi. Wakaugeuza mtumbwi. Wakapapasa. Wakapapasa tena. Nyirabahizi akaanza yeye, akacheka mpaka akakaa chini. Nikasema maombi yana nguvu, umepona.

Josiane akasema, kwa kuwa sasa mitumbwi ni miwili, hakuna haja ya kuzungusha. Wangu ubaki hapahapa. Ushindi! Chungu kikatolewa, mrija ukapita mkono kwa mkono, uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Kuku walikimbilia jikoni.

Ila wa ng'ambo, nusu nzima ya kikundi, kuanzia kesho watakamulia kwao. Watoto wao kwao. Umbea wao kwao! Nani ataniambia ya ng'ambo? Haiwezekani.

Shamsia alipokuwa anaaga kaniuliza, bibi, haya yote yamekufundisha nini? Nikamwambia mengi, mwanangu, mengi sana. Nisichomwambia ni kwamba yamenifundisha ufa wa mdomo hauna nguvu. Kesho naenda na ufa wa kweli, kwenye ule wa Bizimana.

Nimeshamwomba Josiane aniazime shoka. Kakubali hapohapo, mtoto mwema. Anasema ni zito, atanibebea mwenyewe hadi ng'ambo.