Futi Tatu Juu ya Maji

Amu, Jumatatu, 5 Machi 1956

Alhamdulillahi, nimekubaliwa! Bi Radhiya amesema ndiyo. Kakaye, Bwana Kamaludin, naye amesema ndiyo, ila ameiwekea mkia: niwe na nyumba yangu kabla ya Ramadhani, la sivyo anamrejesha dada yake kwao Siyu na maneno yaishe hapo. Nyumba! Mimi Mselem mshona kofia, nalala chumba cha nyuma kwa shangazi, kitanda kimoja na magunia ya nazi.

Kiwanja ninacho, alichoniachia marehemu baba, pale ufuoni. Shida ni amri mpya. Tangu maji yaingie majumbani mwaka jana, serikali inataka kila ajengaye ufuoni ainue sakafu futi tatu juu ya pale maji yanapofika, tena kwa mawe na chokaa. Hiyo ni nyumba au ngome? Jirani yangu wa kiwanja, Husseini muuza halwa, ameitii amri mpaka kaizidisha. Duka lake lina ngazi ndefu, na yeye huipanda polepole ili watu wamwone. Aliwahi kumposa Radhiya akakataliwa. Hajasahau.

Jumanne, 6 Machi

Akili ni mali! Nimewasikia wavuvi sokoni wakisema leo maji ni mafu, hayapandi kitu. Mbio kwa mkaguzi wa majengo. Ni mgeni, katoka bara juzi, na mchanga wa ufuoni bado anaukanyaga kwa wasiwasi. Nikamsihi aje leo hii hii, ayaone maji yakiwa yamejaa kabisa, asije akadanganywa na watu. Akaja. Maji yakajaa kwa uvivu, yakaishia kule chini. Mkaguzi akapigilia kigingi hapo hapo, akapima, akasema kiwanja changu kimeshazidi kigingi kwa futi tatu na ushei, basi sakafu niiweke juu ya ardhi tu. Mhuri, pa!

Husseini, juu ya ngazi yake, akauliza kwa sauti kama mkaguzi ameshaelezwa habari za bamvua. Nikamwambia mkaguzi asimsikilize, maskini ana maradhi ya wivu.

Jumatano, 14 Machi

Nimerudi kutoka Siyu, nilikokwenda kumwamkia Kamaludin na kumsifia nyumba ambayo haijaisha. Kufika kiwanjani, salala! Udongo niliokandika ukutani umemomonyoka, boriti zimelowa, na pale nitakapoweka kitanda ameketi kaa, ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Nani kama si Husseini? Jana usiku ulikuwa giza totoro, mwezi ndio kwanza uandame, na mtu mwovu hutaka nini zaidi ya giza? Nikamwendea, nikamwambia kweupe kuwa kanimwagia maji nyumbani. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema hilo ni bamvua, maji makuu, na huja mara mbili: mwezi unapoandama na mwezi unapopevuka. Akaongeza kuwa ndia ya maji haizibwi kwa mhuri. Nikamuuliza, na kaa je, katoka wapi? Akarudi zake kukoroga halwa. Nimemshinda.

Jumapili, 25 Machi

Nyumba imesimama! Nimekandika upya, nimeezeka makuti, mlango nimeupaka rangi ya kijani. Shangazi kaingia, kaguna, katoka. Bi Radhiya ameagiza kuuliza kama sakafu nimeiinua. Nimemjibu kuwa mhuri ninao, na mhuri haulowi.

Nikahi ni kesho kutwa alasiri, humu humu ndani. Nimechagua mwezi kumi na nne makusudi, ili baada ya pilau vijana wacheze kirumbizi na fimbo zao kwenye mbalamwezi na wazee waione ndia ya kurudi kwao. Nani afanye arusi gizani na Mungu katoa taa bure? Mkaguzi nimemwalika. Husseini pia, ili aumie kwa karibu.

Jumanne, 27 Machi

Walikuja wote. Majamvi yametandikwa, masinia yamewekwa, sheikh ameketi, Kamaludin mbele yake kumwoza dada yake, nami katika kofia niliyojishonea mwenyewe. Sheikh akaanza hotuba. Nikahisi ubaridi kwenye makalio. Nikajua ni hofu ya arusi. Kumbe kila mtu alikuwa na hofu ile ile!

Maji yalipita chini ya mlango kimya kimya, yakainua jamvi na sheikh juu yake. Sinia la kwanza likaelea hadi kwa Kamaludin, likampita, likatoka nje na pilau yake. Viatu vya mkaguzi vikafuata. Mwisho kikaja kigingi chake mwenyewe, kikamgonga gotini. Akakiokota, akakitazama kwa uchungu.

Wageni wakakimbilia ngazi ya Husseini. Wote, hata shangazi! Husseini akawagawia halwa na kahawa, anawaonyesha pa kukaa kama yeye ndiye bwana arusi. Kamaludin akakunja kanzu akasema dada yake haolewi na samaki. Nikabaki mlangoni, maji magotini, Radhiya ameniponyoka. Nililia, wallahi. Machozi yenyewe hayakuonekana kwa maji.

Jumatano, 28 Machi

Leo Radhiya amenisemesha nyuma ya pazia. Nilidhani atanitukana. Alicheka mpaka akakosa pumzi. Akasema mume wa kumchekesha hivi hatampata tena, na kakaye kashamlainisha: nina mpaka mkesha wa Ramadhani. Lakini niinue sakafu, maana yeye halali wanapolala kaa. Moyo umerudi mahali pake!

Mkaguzi naye kaja peku, kasema sakafu iinuliwe. Shangazi, sakafu. Hata Husseini kaniletea mawe yaliyombakia, bure, akaniambia yanatosha sakafu nzima. Huruma hiyo imeniuma kuliko maji. Mawe nimeyapokea, najijengea baraza nje ya mlango, refu kushinda ngazi yake.

Sakafu, sakafu! Hakuna aliyeketi akafikiri ila mimi. Sakafu haina kosa. Kosa ni ule mwezi mpevu, ndio ulioyaita maji. Basi nikahi nimeihamisha: Jumanne, tarehe kumi Aprili, mwezi utakapokuwa umekufa kabisa, giza totoro, taa nitaazima. Mwezi usipokuwapo, maji yataitwa na nani?