Ngumi Yangu Upande wa Kushoto

Jumatatu, 11 Mei 2026
Ushindi unanukia! Tume ya uchaguzi wa wanafunzi imenikabidhi mimi, mgombea urais, ujenzi wa tovuti ya kura. Hakuna mwingine aliyejitolea. Nimeijenga kwa Java na kuugawa ukurasa kwa fremu mbili: kulia kura, kushoto picha yangu, ngumi juu. Bofya utakavyo, kulia kutabadilika, kushoto nitabaki. Kura ni Alhamisi; kampeni zinakoma Jumatano jioni. Picha haina masikio.

Jumanne, 12 Mei
Balaa. Kefa, mwenyekiti wa tume, atakagua tovuti kesho mbele ya wagombea. Atakayekutwa na kampeni ndani yake, jina linafutwa. Kwenye foleni ya chipsi, mpinzani wangu Domitila aliniuliza kwa sauti kama bado natumia fremu. Nikamjibu kwamba teknolojia ni mali ya umma. Akasema eti fremu zilizeeka kabla hatujaacha kunyonya, na ukizikosea, ukurasa humeza ukurasa. Watu wakacheka.
Nimetunga hila: ukurasa wa ukaguzi, wenye fremu ya kushoto ya upana sifuri. Alhamisi alfajiri naurudisha ule halisi.

Jumatano, 13 Mei
Ee Mola! Kefa aliingia kwenye mfumo; skrini safi. Laiti ningenyamaza! Lakini tuliombwa tusalimie, na mimi nikisimama, itifaki lazima izingatiwe. Nikampa shikamoo mshauri wa wanafunzi, Mama Evarista. Nikaitambua tume, vitivo, wapishi, wakulima wa Kondoa. Domitila akanong'ona kwamba sasa bado mbuzi wa Chemba. Nikawatambua wafugaji wa Chemba.
Nilipoketi, mfumo, ambao humsahau asiyebofya kwa dakika kumi, ulikuwa umemsahau Kefa. Akaingia upya. Ukamfungulia ukurasa halisi, kwani njia ya kuingia upya nilisahau kuielekeza kwenye ule wa ukaguzi. Uso wangu! Akabofya kitufe cha “Anza upya”. Ukurasa mzima ukafunguka ndani ya fremu ya kulia. Nyuso mbili! Akabofya tena. Tatu, kila mmoja mdogo kuliko mwenzake, ngumi tatu juu. Domitila akauliza, kaka Pantaleo, huyo mdogo naye anagombea nini. Jina limefutwa.

Alhamisi, 14 Mei
Nilimlilia Mama Evarista. Akasema, mwanangu, una mdomo kuliko akili. Kura imesogezwa hadi kesho. Nikiziondoa fremu zote leo, jina litarudi. Kikionekana hata kidole changu, sitagombea tena chuoni hapa. Nikaapa, mkono kifuani. Nimeziondoa zote. Jina limerudi!

Ijumaa, 15 Mei
Kura inaendelea. Ukurasa u mtupu mno. Umma unapiga kura bila shukrani ya kiongozi wake! Nimeongeza fremu moja tu, chini kabisa, nyembamba kama uzi: “Asante kwa kumchagua Pantaleo.” Haidhuru mtu.
Kefa anagonga mlango kwa nguvu, anaita jina langu kamili. Mapema hivi! Bila shaka ni pongezi.