Mtaalamu wa Miamba Katika Kiwanja cha Mama Kokoto

Tangazo lilipobandikwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwamba mkandarasi wa hospitali mpya anatafuta mawe meusi magumu, wengine walisoma habari za hospitali. Mdomo Asali alisoma habari za tumbo lake. Alasiri hiyohiyo alinunua kofia ngumu ya mtumba, akaazima nyundo kwa shemeji yake, akawa mtaalamu wa miamba. Wenzake husomea miaka minne. Yeye alitumia nusu saa, na humo alikunywa chai.

Wiki nzima alizunguka pembezoni mwa mji akichukua sampuli. Aligonga jiwe, akalitegea sikio, akalinusa, kisha akaandika maneno ambayo hata mwenyewe hakuweza kuyasoma. Mwalimu mkuu mstaafu, mwenye kiwanja cha udongo mtupu wa mfinyanzi, alimpa jogoo ili udongo wake uandikwe mwamba. Ukaandikwa mwamba. Nani angemnyima mzee wa watu furaha?

Ijumaa akafika kwa Mama Kokoto, mjane aliyelea watoto wanne kwa kuponda mawe ya kuuza.

"Shikamoo mama. Nimekuja kupima mawe."

"Marahaba mwanangu. Pima, hayaumi."

Akagonga moja, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Pole sana. Yameoza. Kwa huruma tu, naweza kukutafutia mtu akinunue kiwanja hiki." Mtu huyo, bila shaka, alikuwa yeye.

Mama alishusha pumzi. "Kweli, ya juu yamechoka. Marehemu alikuwa akisema mazuri yako chini, meusi tititi. Lakini mimi na kiuno hiki, nitayafikia wapi?"

Mtaalamu alimeza mate. "Lazima nihakikishe, mama. Ila usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, baba?" alisema mama, akamletea sururu.

Hakuthubutu kuita kibarua, maana kibarua ana ulimi. Akachimba mwenyewe. Siku ya pili viganja vilijaa malengelenge. Ya tatu, mgongo uligoma. Kila ndoo ya mawe mama aliivuta kwa kamba, akayatazama, akainama shimoni: "Bado kidogo, baba. Unakaribia." Kisha akarudi kuponda.

Siku ya tano lori liliunguruma juu. Mdomo Asali alitafuta ngazi, hakuiona; wapakiaji walikuwa wameiegemeza kwenye lori. Badala yake kilichungulia kichwa cha dada mwenye miwani, mwanajiolojia wa mkandarasi.

"Mama, kokoto ulizoleta jana zimefaulu vipimo vyote. Tunachukua lundo zima. Na huyu humu ndani?"

"Mtaalamu wa miamba. Kajitolea kunisaidia."

"Kumbe mwenzangu! Kaka, hilo jiwe unalokanyaga mnaliitaje kitaalamu?"

Mdomo Asali, aliyewahi kumuuzia polisi filimbi yake mwenyewe, alitafuta neno kila pembe ya kichwa.

"Ni jiwe… la kiume."

Dada alimgeukia mama taratibu. Mama alikuwa akifunga mdomo wa gunia.

"Muache hukohuko, mwanangu," alisema. "Mdomo wake haufai, lakini mikono yake ni dhahabu."