Ombi la Kufufua Wilaya ya Pettigrove kwa Alasiri Moja

Shule ya Badger,
Mei 9, 1896

Mheshimiwa Jaji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, nawe umekwisha kula. Mimi ni Zerelda Maupin, mwanafunzi wa darasa la nane, na naomba kwa heshima uifufue Wilaya ya Pettigrove. Alasiri moja inatosha.

Wilaya yetu, iliyoundwa na jimbo la kusini, iliishi miaka minne kati ya matawi mawili ya Mto Badger. Jimbo la kusini lilidai mpaka ni tawi la kaskazini. Jimbo la kaskazini likadai ni tawi la kusini. Mwezi Machi wewe uliamua kwamba wapimaji walikosea tawi, kwamba ardhi yetu ni ya jimbo la kaskazini, na wilaya yetu haikuwahi kuwapo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Februari nilifaulu mtihani wa darasa la nane, wa kwanza kati ya watoto kumi na mmoja. Cheti kilitolewa na Pettigrove. Mkaguzi mpya wa shule alikitazama, akasema, "Binti, hiki kimetoka hewani." Bila cheti siendi chuo cha ualimu Septemba.

2. Aliyefunga ndoa Pettigrove, je, hajaoa? Bwana Stroud alimuuliza mkewe hivyo kwa utani. Sasa analala ghalani na nyumbu. "Kaa huko huko mpaka mahakama ikufikirie," amesema Bi Stroud.

3. Mwizi wa farasi tuliyemfunga ameachiwa, maana jela haikuwapo. Ikiwa mwizi amenufaika, mwanafunzi je?

4. Jengo letu la mahakama lilikokotwa na nyumbu ishirini hadi ng'ambo ya mto, sisi watoto tukiimba nyuma yake. Nyumbu hukokota kitu kisichokuwapo?

5. Muhuri upo. Baba ndiye aliyekuwa karani wa mwisho, na sasa Mama anautumia kupigia siagi chapa. Tutauosha, na alasiri hiyo upigwe upya kwenye cheti changu.

Nisalimie mkeo na makarani wako. Mwalimu Crowder, darasa zima na mbwa wetu wanakusalimu.

Mimi mtiifu wako,
Zerelda Maupin

Baada ya sahihi: Baba amesoma barua hii, akashika kichwa. "Zera mwanangu, unataka tukalale porini na sungura?" Kumbe aliapa katika ofisi ya ardhi kwamba Pettigrove haikuwahi kuwapo, ndipo wakaliandika shamba kwa jina letu. Tafadhali, iache wilaya ibaki kaburini. Mkaguzi ameniruhusu kurudia mtihani Jumatatu. Mwalimu anasema swali la kwanza huwa: "Taja wilaya uliyosomea." Kama unalo jibu lisilo uongo, na lisilotunyang'anya shamba, naomba linifikie kabla ya Jumatatu.