Siku Kitonga Alipotoka Chini ya Nalianya

Enyi watu wa Mbotela, nanyi mliovuka Jogoo Road kwa miguu kuja kusikia, sogezeni mabenchi, zimeni redio, mwenye mtoto ampe ziwa. Maana nafungua daftari hili la kurasa tisini na sita kuwasomea jambo kuu kuliko yote yaliyopata kutendeka katika ukumbi huu tangu ulipopakwa rangi ya kijani.

Naapa kwamba kila neno ni kweli tupu. Naapa kwa miaka yangu thelathini na mmoja ya ukarani wa mafaili, ambamo sikupoteza hata faili moja, isipokuwa lile lililotaka lenyewe kupotea. Na mimi Mativo nikipatikana na uongo hata wa kimo cha punje ya wimbi, basi nilazwe chali papa hapa, Nalianya anikalie kifuani, nisiinuliwe mpaka Wacuka amalize kufagia ukumbi kutoka mlangoni hadi dirishani. Nalianya amesikia; namwona anatabasamu. Tabasamu, ndugu yangu. Litakukauka mdomoni.

Sasa sikilizeni.

Mwaka ulikuwa wa tisini na sita, mvua ikiutandika mji kama punda asiye na mwenyewe. Humu ukumbini ndimo klabu yetu ya mieleka ilimokuwa ikikutana kila Jumamosi alasiri, juu ya magunia kumi na manne yaliyoshindiliwa vumbi la mbao. Vumbi hilo lilitoka kwa Kitonga, mwana wa Ukambani, mchonga twiga elfu, mwepesi kama kuni kavu, mwenye vidole vigumu kama patasi. Na juu ya Kitonga, kila Jumamosi bila kukosa, alikaa Nalianya, mbeba viazi wa sokoni, kifua ghala, mapaja nguzo, Nalianya ambaye mizani ilimwona ikaomba likizo.

Mchezo wenyewe ulitufikia kwa kanda ya video. Tuliinunua Eastleigh, kwa Abdiqadir muuza kanda, aliyetuapia kwamba ni karate. Tulipoitia kwenye deki hatukuona teke hata moja. Tuliona Wabrazili wawili waliovaa makoti meupe na mishipi, wakikumbatiana sakafuni kama ndugu wanaogombania blanketi. Ilikuwa jujitsu ya kwao. Kwanza tukacheka. Kisha tukaona ajabu yake: kwamba mdogo aliyelala chini, akiijua njia, humpindua mkubwa aliye juu. Ni mtu gani wa Eastlands asiyeitamani elimu hiyo?

Tukaitunza kanda kwa zamu, wiki moja moja, kila mmoja nyumbani kwake. Lakini adui hakulala. Katika zamu ya mtu ambaye tarikh hii, yaani historia ya klabu, haikumtambua, mkono wa giza ulirekodi kitu kingine juu ya kanda yetu. Na tarikh isingeshindwa kumtambua, ila panya waliingia kwenye daftari la zamu wakala ukurasa huo mmoja tu. Panya wa Mbotela wana akili ya ajabu.

Kanda ikawa hivi. Mwalimu Mbrazili amelala chini, amekaliwa kifuani. Anaushika mkono wa adui na kuubana kifuani pake. Anaunasa mguu wa adui, upande uleule, kwa mguu wake. Kisha anakanyaga sakafu na kuinua kiuno kama daraja. Kiuno kinapanda, kinapanda, na kabla hamjajua kinakwenda wapi, kwaap! Picha inaruka, mko katika harusi ya Kikamba. Shangazi Koki, mwenye kilemba cha rangi ya embe, amekumbatia sufuria jipya kifuani, anacheza. Bega moja linazama, jingine linapaa, na mwili mzima unageukia upande kama mlango uliosukumwa na upepo. Nyuma yake kasimama mzee ambaye uso wake hauonekani, kisogo tu. Lakini kisogo cha heshima, chenye mikunjo mitatu ya hekima. Vigelegele dakika nne, kisha skrini mchelemchele mtupu hadi mwisho wa kanda.

Basi kwa mwaka mzima tulikuwa na nusu ya ukombozi. Tuliijua njia ya kupanda, hatukuijua ya kutoka. Tulifura kama chapati kwenye kikaango, tukarudi chini chapati ileile. Na aliyefura kuliko wote na kurudi kuliko wote ni Kitonga.

"Sasa, Godoro langu," Nalianya alikuwa akimwambia, akitafuna mahindi ya kuchoma pale juu, "leo una mfupa mpya? Kuna kitu kinanichoma."

"Ni ubavu, Nalianya. Ni uleule wa Jumamosi iliyopita."

"Basi ulaze vizuri, bwana. Mimi ni mgeni wako."

Ndipo alipoinuka Wacuka, mtunza ukumbi, malkia wa funguo, ambaye ufagio wake haujawahi kuomba njia mara mbili. Akasimama katikati ya magunia, akanena:

"Mimi nimewatazama mwaka mzima. Kila Jumamosi naona mtu amelala, mwingine amemkalia anakula mahindi. Huo si mchezo. Hicho ni kiti. Kwaya ya akina mama wanautaka ukumbi saa hizi hizi, na wao angalau wakianza wimbo huumaliza. Sasa Jumamosi ijayo nitaanza kufagia pale mlangoni. Nikiwafikia kabla huyu wa chini hajatoka, mtabeba magunia yenu mwende. Na msiseme Wacuka amewafukuza. Semeni ni ufagio."

Jioni ile Kitonga alinisindikiza hadi kwangu, vumbi la mbao likimdondoka masikioni.

"Mzee Mativo," akasema, "nyumbani nina chumba kimoja, mke, watoto wanne na twiga sitini. Hapa tu ndipo ninaponyoosha miguu."

"Ukiwa umekaliwa?"

"Hata nikiwa nimekaliwa. Lakini tukifukuzwa kabla sijatoka, watu watanikumbuka kama nani? Godoro. Wanangu wataitwa watoto wa Godoro, na shuleni hawatauliza kwa nini, watacheka tu."

Nilimpa chai.

Ewe kalamu, usitetemeke! Jumamosi ikafika. Ukumbi ukajaa mpaka madirishani. Kwaya walipanga mstari nje ya mlango, vitabu vya nyimbo vikiwa mikononi, kama jeshi lililosimama kungoja mji uanguke. Kitonga akalala chali. Nalianya akamkalia, gunzi lenye mahindi nusu likiwa mkononi, akainama akamwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi mshika saa niliisikia:

"Mimi sitakuachia, Kitonga. Nikikuachia, wote watashangilia, lakini wewe utajua."

"Usiniachie," akajibu Kitonga. "Ila hayo mahindi ungeyaweka chini."

"Mahindi hayakuhusu."

Na kule mlangoni: shwaa. Shwaa. Wacuka ameanza.

Kitonga akaushika mkono, akaunasa mguu, akainua kiuno. Akapanda kama jua la Machakos. Akashuka.

Shwaa. Benchi la kwanza.

Akapanda tena, mishipa ya shingo ikimsimama kama kamba za hema. "Aaa, hapo hapo," akasema Nalianya, "rudia kidogo, mgongo wangu ulikuwa umekaza." Ukumbi ukaangua kicheko. Kitonga akashuka.

Shwaa. Benchi la pili, la tatu. Ufagio ukaja kama mto Mathare siku ya mvua, ukisukuma mbele yake vizibo vya soda, maganda ya njugu na kandambili moja isiyo na mwenzake. Mtu akapiga kelele dirishani, "Toka, Kitonga! Kwaya wanaingia!" Na kweli soprano wawili walishakanyaga kizingiti. Vumbi likamfikia Kitonga puani, akapiga chafya chini ya kilo mia na kumi na mbili, jambo ambalo simtakii hata adui yangu.

Ufagio ukagusa gunia la mwisho.

Hapo Kitonga akaushika ule mkono wenye mahindi, akaukumbatia kifuani kwa nguvu zote. Akaunasa mguu. Akapanda, akapanda, akafika kileleni, pale ambapo picha huruka, pale ambapo elimu yote ya Mbotela hukoma. Na mimi, kwa hekima iliyonishukia, nikasimama juu ya benchi nikapaza sauti:

"Koki! Fanya kama Koki wa sufuria!"

Jamani, mtu aliyeitazama kanda mara mia, mwili wake huijua kanda hata akili ikisahau. Kitonga alikuwa amekumbatia mkono kama sufuria jipya. Bega lake la kushoto likazama. La kulia likapaa. Mwili mzima ukageukia upande kama mlango uliosukumwa na upepo, na Nalianya, aliyebanwa mkono na mguu upande huo, hakuwa na pa kujishikilia. Akaenda! Akaenda polepole kwanza, kama kabati linalohamishwa na watu wasioelewana, kisha kwa ghafla, puu, magunia yakatoa moshi wa vumbi la mninga. Na moshi ulipotulia tukaona jambo ambalo macho ya Eastlands hayakuwa yameliona. Kitonga yuko juu. Nalianya yuko chini.

Gunzi lilipaa, likazunguka mara tatu, likatua mahali palipokwisha kufagiwa.

"Nani ataokota hilo?" akauliza Wacuka. "Hapo nimeshapita!"

Lakini hakuna aliyemsikia. Kwaya walipiga vigelegele hata wakasahau kilichowaleta. Nalianya alilala akitazama juu, akasema taratibu, "Kumbe ukumbi huu una dari."

"Naijua yote," akasema Kitonga. "Angalia pale karibu na taa. Lile doa la maji ni twiga."

"Ni kweli, Kitonga. Hata pembe anazo."

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwita Godoro. Jumamosi alasiri ikabaki yetu, kwaya wakapewa asubuhi, na gunzi likaokotwa na mshindi mwenyewe. Basi iandikwe, na wajukuu wasomewe, kwamba palikuwa na mtu chini, akatoka. Hapa tarikh inafika mwi...

Hapo, wasomaji wangu, ndipo Wacuka aliponikatiza, akiwa ameegemea ufagio wake. Haya yaliyobaki anayaandika Kitonga, mimi nikisema. Kwa nini siandiki mwenyewe mtaona hivi karibuni.

"Mzee Mativo, usifunge daftari. Nina swali."

"Uliza, mama."

"Ile harusi ya kwenye kanda haikuwa na majina. Miaka miwili nimekuwa nikijiuliza ulipiga kelele Koki, Koki ni nani. Huyo shangazi ulimjulia wapi?"

Nikamweleza kwamba kuna nyuso ambazo, mtu akizitazama vizuri, ni za akina Koki.

"Haya. Na yule mzee wa kisogo?"

"Huyo simfahamu kabisa."

"Basi geuka."

"Nigeuke kwa nini?"

"Geuka tu, Mzee. Tuone upande ule mwingine."

Nikatazama huku na huku. Kitonga akasema, "Geuka, Mzee wangu," kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniuma. Nikageuka. Ukumbi ukahesabu mikunjo: mmoja, miwili, mitatu. Kisha dari lenye twiga nusura lianguke.

Nikakiri. Ilikuwa harusi ya binti yangu Nzisa. Koki ni dada yangu. Mpiga picha alitaka kanda siku ileile, maduka yalikuwa yamefungwa, na iliyokuwa nyumbani ni moja. Nikaziba kwa selotepu kile kitundu cha kanda kinachozuia kurekodi. Na panya, naam, panya nilikuwa mimi. Lakini nikasimama kifua mbele nikajitetea: je, bila mimi, Koki angeingia kwenye kanda? Na bila Koki, Kitonga angetoka?

"Bila wewe, Mzee," akasema Kitonga, "ningetoka mwaka mmoja mapema."

"Lala chini," akasema Wacuka.

Nimelala. Nalianya alinivua miwani kwa heshima zote, akaikunja, akampa Kitonga. "Karibu, Mzee Mativo," akasema. "Nimekuja na mahindi." Kisha akakaa.

Sasa nasema kwa sentensi fupi. Hewa ni kidogo.

Wacuka alipaswa kuanzia mlangoni. Ameanzia kwenye ngazi za nje. Sasa yuko benchi la kwanza. Anafagia na chini yake. Hajawahi kufagia chini yake.

Nimemwona twiga. Ni kweli ana pembe.

Nimeshika mkono. Nimenasa mguu. Nimeinua kiuno. Nalianya anauliza kama nimeanza.

Kitonga anapiga kelele, "Koki, Mzee! Koki!" Ukumbi wote unaitikia. Dada yangu, popote ulipo, nisamehe. Nimezamisha bega. Nimepaisha jingine. Kitu kimelia mgongoni.

Kiwiko changu cha kushoto kimetoka.

Andika, Kitonga. Andika kwa herufi kubwa. Leo Jumamosi, mbele ya mashahidi, kiwiko cha kushoto cha Mativo kilitoka chini ya Nalianya. Hiyo ni kweli tupu. Kila mtu anakiona. Wacuka mwenyewe amekizunguka na ufagio.